Sheria ya Silaha Huishi Mezani pa Polisi

Kila mara Bunge la nchi yo yote linapopitisha sheria mpya ya silaha, watu hupiga makofi, habari huandikwa kwa herufi kubwa, na wengi hurudi majumbani mwao wakiamini kwamba hatari imekwisha. Sisi hatuna imani hiyo. Sheria ni maneno yaliyopigwa chapa. Haina miguu ya kwenda nyumbani kwa mtu anayetaka bunduki, wala macho ya kumtazama usoni, wala kinywa cha kumwuliza jirani yake habari zake. Mwenye miguu hiyo, macho hayo na kinywa hicho ni askari polisi, au karani aliyekaa nyuma ya meza kituoni. Ikiwa mtu huyu hakufundishwa, au hana nafasi, au hana daftari la kweli mbele yake, basi hata sheria iliyo kali kuliko zote itakuwa kama kufuli zito katika mlango wa nyumba isiyo na ukuta.

Tumechagua kuyaeleza haya kwa mfano wa New Zealand. Ni nchi ya mbali, lakini katika miaka ya karibuni hapana nchi iliyobadili sheria zake za silaha kwa haraka kama hiyo, wala iliyowatwika polisi wake mzigo mkubwa hivyo kwa muda mfupi. Tena makosa yake na mafanikio yake yameandikwa waziwazi, na kila apendaye kujifunza aweza kujifunza.

New Zealand ina watu wapatao milioni tano. Wengi wa watu wa mashamba ni wafugaji na wakulima, na bunduki kwao ni chombo cha kazi: huua sungura na wanyama waharibifu, na huwinda paa na nguruwe milimani. Wenye leseni za silaha ni zaidi ya laki mbili, na bunduki zilizo mikononi mwa raia zimekisiwa kupita milioni moja. Lakini polisi wa nchi hiyo kwa desturi hawatembei na bastola kiunoni. Silaha zao hufungiwa ndani ya gari, nao humwendea mwananchi mikono mitupu. Ni desturi njema, nasi twaistahi. Ila msomaji na atambue maana yake. Askari asiye na silaha huyaweka maisha yake juu ya jambo moja tu, yaani kwamba bunduki zilizo katika nyumba za watu ziko katika mikono iliyo salama.

Hapo zamani nchi hiyo ilikuwa na daftari. Sheria ya mwaka 1920 iliagiza kwamba kila bunduki iandikwe kwa polisi. Lakini daftari ni kama shamba. Lisipopaliliwa huota magugu. Watu walihama, wengine walikufa, bunduki zilirithiwa na watoto au kuuzwa kwa majirani, wala habari hazikuandikwa. Mwishowe polisi wenyewe waliona kwamba daftari hilo haliwezi kutegemewa, na kwamba kulitengeneza upya ni kazi ya gharama kubwa. Basi ikatungwa sheria ya mwaka 1983, nayo ikaja na fikira mpya: aandikwe mtu, isiandikwe bunduki. Mtu akishachunguzwa na kuonekana mwema akapewa leseni, aweza kununua bunduki za kawaida apendazo, moja au hamsini, na Serikali isijue idadi yake. Bastola na silaha chache za namna maalumu tu ndizo zilizobaki daftarini.

Fikira hiyo ilikuwa nyepesi kwa karani na nafuu kwa hazina. Lakini ilikuwa na ufa, na ufa huo ulionekana mapema. Mwezi Novemba 1990, katika kijiji cha pwani kiitwacho Aramoana, mtu mmoja mwenye leseni aliwaua kwa risasi watu 13, mmoja wao akiwa sajini wa polisi. Sheria ikatiwa viraka mwaka 1992: leseni ziwe na picha, zidumu miaka kumi badala ya maisha, na bunduki zenye umbo la kijeshi zihitaji kibali cha ziada. Kisha mwaka 1997 jaji mstaafu, Sir Thomas Thorp, aliyepewa kazi ya kuchunguza jambo lote, alitoa taarifa ndefu. Alishauri kwamba kila bunduki iandikwe tena daftarini, kwamba bunduki za kijeshi zinazojipakia risasi zenyewe zikatazwe, na kwamba kiundwe chombo maalumu cha kusimamia silaha. Taarifa yake ilisifiwa, ikawekwa kabatini. Wahenga wetu walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. New Zealand haikuziba ufa kwa miaka 22.

Tarehe 15 Machi 2019, siku ya Ijumaa, Waislamu wa mji wa Christchurch walikuwa wamekusanyika kwa sala. Mtu mmoja, raia wa Australia aliyekuwa amejaa chuki dhidi ya wageni na dini yao, aliingia katika Msikiti wa Al Noor akiwa na bunduki, kisha akaenda katika msikiti wa Linwood. Watu 51 walikufa na makumi wengine walijeruhiwa. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo wazee, wanawake na mtoto wa miaka mitatu. Walikuwamo watu waliotoka Pakistani, Bangladeshi, India, Misri, Somalia na kwingineko, waliofika katika visiwa hivyo kutafuta kazi na amani. Waziri Mkuu wa wakati ule, Jacinda Ardern, alisema Bungeni kwamba hatalitaja jina la mwuaji. Nasi pia hatulitaji. Mwezi Agosti 2020 mtu huyo alihukumiwa kifungo cha maisha bila ya tumaini la kutoka, hukumu ambayo haikupata kutolewa kamwe katika nchi hiyo.

Sasa tulifikie jambo letu. Je, mtu huyo alizipata wapi bunduki zake? Hakuziiba, wala hakuzivusha mpakani usiku. Alizinunua dukani, kwa leseni halali aliyopewa na polisi mwezi Novemba 2017. Sheria ilimruhusu mwenye leseni ya kawaida kununua bunduki inayojipakia risasi yenyewe, mradi iwe na magazini ndogo, yaani kile kikebe cha kutilia risasi. Magazini kubwa zilikatazwa kutiwa katika bunduki hizo kwa leseni hiyo, lakini kuzinunua peke yake kulikuwa ruhusa kwa mtu ye yote. Kwa hiyo lililokatazwa mlango wa mbele liliruhusiwa mlango wa nyuma.

Tume ya Kifalme ya Uchunguzi, iliyotoa taarifa yake kwa umma tarehe 8 Desemba 2020, ilieleza pia habari za meza ya leseni. Ilikuwa desturi ya polisi kumhoji jamaa wa karibu wa mwenye kuomba, na mtu mwingine anayemfahamu vizuri. Safari hii alihojiwa rafiki aliyejuana naye hasa kwa michezo ya kompyuta, na mzazi wa rafiki huyo. Hapana aliyeuliza kwa bidii iwapo watu hao walimfahamu kweli mtu waliyekuwa wakimshuhudia. Tume ilisema kwamba utaratibu wa polisi katika kutoa leseni haukufikia kiwango kilichotakiwa, na kwamba watumishi wa kazi hiyo hawakupewa mafunzo wala maelekezo ya kutosha. Zaidi ya hayo, mwezi Julai 2018 mtu huyo alijijeruhi kwa bunduki yake nyumbani kwake akaenda hospitali. Alitibiwa, akaondoka. Polisi hawakupata habari, kwa sababu hapana sheria iliyomwagiza mganga kuwaarifu.

Yatupasa kuwa waadilifu. Tume ile ile ilisema kwamba, isipokuwa kwa bahati tu, hapakuwa na njia ya wazi ambayo vyombo vya Serikali vingeweza kuitambua hila yake mapema. Hatusemi basi kwamba karani mmoja ndiye mwenye damu ya watu 51. La hasha! Twasema kwamba nchi iliyoamua kumtegemea mtu na kuiacha bunduki ilipaswa kuugharimia uchunguzi wa mtu huyo kuliko kazi nyingine yo yote. Nayo haikufanya hivyo. Ilijenga nyumba nzima juu ya nguzo moja, kisha ikamwachia mchwa nguzo hiyo.

Baada ya msiba Serikali ilikwenda mbio. Siku ya sita, tarehe 21 Machi, uuzaji wa bunduki za kijeshi ulizuiwa kwa amri. Tarehe 10 Aprili, siku 26 tu baada ya mauaji, Bunge lilipitisha sheria ya kuzikataza kwa kura 119 dhidi ya moja. Wakulima waliachiwa bunduki ndogo na zile za marisau zenye nafasi ya risasi chache. Mbunge mmoja aliyepinga, David Seymour, alilalamika kwamba haraka ilizidi. Sisi twaamini kwamba marufuku ile ilikuwa haki, wala haikupasa kungoja. Hata hivyo tusimcheke anayeuliza habari ya haraka, kwa maana haraka ya Bunge hulipwa na jasho la watumishi.

Na jasho hilo lilitoka. Tangu Julai hadi tarehe 20 Desemba 2019 polisi wa New Zealand waligeuka kuwa wanunuzi wa silaha. Walifungua vituo katika kumbi na viwanja vya michezo nchi nzima. Wakapokea bunduki, wakazikagua, wakazikadiria bei, wakaandika stakabadhi, wakazivunja kwa mashine mbele ya watu, na fedha zikapelekwa benki kwa wenyewe. Katika miezi hiyo walikusanya zaidi ya bunduki 56,000, na fidia ikapita dola milioni 100 za nchi hiyo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alipoitazama kazi hiyo mwaka 2020 alisema kwamba kwa jumla ilifanywa vizuri na watu walitendewa kwa heshima. Lakini aliona mambo mawili mengine. Kwanza, gharama ya kuendesha kazi ilikaribia mara mbili ya ile iliyokisiwa. Pili, hapana aliyeweza kusema kwa yakini ni sehemu gani ya silaha zilizokatazwa imerudi. Makisio yalianzia elfu hamsini na kitu yakapanda hadi kupita laki moja na sabini elfu. Kwa nini hawakujua? Kwa sababu tangu mwaka 1983 bunduki hizo hazikuandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nchi nzima ilijifunza methali ya mwenye duka.

Kulikuwa na aibu nyingine pia. Mwezi Aprili 2019, wakati wananchi wanaombwa kusalimisha silaha zao, mwizi aliingia katika kituo cha polisi cha mji wa Palmerston North akaiba bunduki 11. Tena mapema mwezi Desemba ilibidi mtambo wa kompyuta wa kuandikisha silaha ufungwe ghafula, kwa kuwa mfanyi biashara mmoja wa silaha aliweza kuona habari za watu wengine ambazo hazikumhusu. Mambo haya mawili yafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba kuzitoa bunduki kwa raia na kuziweka kwa polisi ni mwisho wa kazi. Ghala la polisi nalo lahitaji kufuli, na daftari la polisi lahitaji mlinzi. Mwananchi aliyetii sheria akaandika jina lake, nyumba yake na silaha yake, amempa polisi amana. Amana hiyo ikivuja, mwizi atajua mlango wa kugonga, na mwananchi wa pili hatajiandikisha tena.

Swali la polisi wenyewe kuchukua silaha nalo liliinuka. Tangu Oktoba 2019 hadi Aprili 2020 vikosi vya polisi wenye silaha vilijaribiwa katika wilaya tatu, vikizunguka mitaani kila siku. Watu wengi walinung'unika, hasa Wamaori na wenyeji wa visiwa vya Pasifiki, ambao waliona kwamba bunduki hizo zitaelekezwa kwao kwanza. Mwezi Juni 2020 Mkuu wa Polisi alisema kwamba jaribio hilo halitaendelea. Siku chache baadaye, tarehe 18 Juni, Bunge lilipitisha sheria kubwa ya pili ya silaha. Kesho yake, tarehe 19 Juni, konstebo mmoja kijana asiye na silaha aliuawa mjini Auckland kwa bunduki inayojipakia yenyewe, alipokuwa katika kazi ya kawaida ya kusimamisha gari barabarani. Hatutumii kifo chake kupinga uamuzi wa Mkuu wake. Twakitaja ili kila mtunga sheria akumbuke kwamba kati ya kura ya Bungeni na usalama wa barabarani kuna safari ndefu, na wanaoisafiri kwa miguu ni vijana kama huyo.

Sheria hiyo ya pili ndiyo iliyogusa mzizi. Iliagiza kwamba mwenye leseni ya kwanza apewe miaka mitano badala ya kumi. Kwamba mambo yanayomfanya mtu asifae kuwa na silaha yaandikwe wazi, kama vile ukatili wa nyumbani na jeuri. Kwamba polisi waweze kumjua mganga wa mwenye leseni, na mganga aweze kuwaarifu anapoona hatari. Na kwamba daftari la bunduki zote lirudi. Daftari hilo lilifunguliwa mwezi Juni 2023, na wenye leseni walipewa miaka mitano ya kujiandikisha. Kwa polisi maana yake ni kubwa. Askari anayetumwa usiku kwenye nyumba yenye ugomvi aweza kuambiwa kabla ya kugonga mlango: humu mna bunduki nne. Na bunduki inayokamatwa mikononi mwa mwizi yaweza kufuatwa nyuma hadi kwa aliyeinunua dukani akaiuza kwa siri. Daftari halimzuii mhalifu asiyejiandikisha. Lakini humnyima raia mdanganyifu kisingizio cha kusema hajui bunduki yake imekwenda wapi.

Limebaki swali la nani akae mezani. Mwishoni mwa mwaka 2022 kazi ya leseni iliwekwa chini ya idara maalumu iitwayo Te Tari Pūreke, ingali ndani ya polisi. Serikali iliyoingia mwaka 2023 ilianza kuiandika upya sheria yote ya mwaka 1983. Mwaka 2025, baada ya ubishi mkali baina ya vyama vilivyoungana kutawala, iliamua daftari libaki, na ikatangaza nia ya kuitoa idara hiyo mikononi mwa polisi. Wenye bunduki wengi walifurahi, wakisema kwamba polisi huwatazama kama wahalifu. Wengine waliogopa kwamba idara mpya itawapendeza wateja wake.

Maoni yetu ni haya. Si jambo la aibu polisi kupokonywa kalamu ya leseni. Hata Jaji Thorp alikwisha kufikiri juu ya chombo cha pembeni. Polisi hufunzwa kukamata, na mtumishi wa leseni yafaa afunzwe kuuliza na kungoja. Lakini meza ikihamishwa, habari zisihamishwe. Askari wa barabarani ni lazima aweze kulisoma daftari saa yo yote, na habari za ukatili alizozikuta yeye usiku ni lazima zifike mezani asubuhi. Ofisi mbili zisizosalimiana ni mbaya kuliko ofisi moja iliyochoka.

Pengine msomaji atauliza: habari hizi za Pasifiki zatuhusu nini sisi wa Afrika ya Mashariki? Zatuhusu kwa sababu nchi zetu nazo zimejifunga kwa ahadi za namna hiyo. Katika Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa sahihi mwezi Aprili 2004, Serikali za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika ziliahidi kutia alama katika silaha ndogo, kutunza madaftari yake, na kuzilinda silaha za Serikali zenyewe. Tanzania ilitunga sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi mwaka 2015 badala ya ile ya mwaka 1991. Hizi ni hatua njema. Lakini ahadi iliyotiwa sahihi katika ukumbi mzuri hutimizwa katika kituo cha wilaya, mahali penye meza moja, kabati moja na mtumishi mmoja aliye na kazi nyingine kumi.

Kwa hiyo, ndugu zetu wanachama na wafanyakazi, siku nyingine mtakaposikia kwamba sheria ya silaha yabadilishwa, po pote pale, msiulize tu adhabu ni miaka mingapi. Ulizeni: ni watumishi wangapi watakaokwenda nyumbani kwa mwenye kuomba? Wamefundishwa na nani? Daftari liko wapi, nani alilisoma mwaka jana, na nani alilihesabia? Mganga, mwalimu na mke aliyepigwa wana mtu wa kumwambia habari zao, na mtu huyo ana haki ya kuizuia leseni? Ghala la polisi lilikaguliwa lini, na mkaguzi alikuwa nani asiye polisi? Na fedha ya kazi hii imeandikwa katika makisio ya mwaka, au imeachwa kwa moyo wa kujitolea wa askari?

Bunge lisiloweza kujibu maswali hayo halijatunga sheria ya silaha. Limemkabidhi konstebo karatasi, likamwambia aende nayo mlangoni peke yake.